Mratibu wa ujenzi: kazi yake, na gharama ya kumkosa

MWEKEZAJI anayetaka kujenga ghala au mashine ya kukoboa mpunga mjini Rujewa kwa kawaida huanza na hesabu tatu: bei ya kiwanja, bei ya vifaa na ujira wa mafundi. Hesabu ya nne, ambayo ni ya siku, huachwa mikononi mwa fundi mwenyewe. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu katika tambarare ya Usangu jengo lililochelewa wiki sita tu linaweza kumkosesha mwenyewe mapato ya msimu mzima wa mpunga.

Kulinda hesabu hiyo ya nne ni kazi inayojitegemea. Katika miradi mikubwa anayeifanya huitwa mratibu wa mradi wa ujenzi. Katika miradi midogo mara nyingi hana cheo: ni mdogo wake mwenye mali, au karani wa duka, au fundi mkuu aliyeongezewa daftari bila kuongezewa mshahara. Wenye mitaji midogo wengi humwona mtu huyu kuwa ni anasa ya makampuni ya kigeni na serikali. Hesabu zinaonyesha vinginevyo.

Kalenda ya Usangu

Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, ipo kwenye ukanda wa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma. Uchumi wake ni mpunga. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mavuno hushika kasi kati ya Mei na Julai. Bei ya mpunga huwa chini wakati kila mtu anavuna, kisha kwa kawaida hupanda kadiri mwaka unavyokwenda ukingoni na akiba za majumbani zinavyopungua.

Kalenda hiyo ina mtego kwa mjenzi. Kiangazi ndicho kipindi cha kujenga, lakini kwa wengi mtaji wa kujengea ni mpunga uleule uliotoka shambani. Anayeuza magunia yote Juni ili aanze msingi, anauza kwa bei ya chini kuliko zote za mwaka. Anayesubiri hadi Desemba ili apate bei nzuri, anapata fedha wakati mvua zimekwisha kuanza, malori ya mchanga yanakwama kwenye udongo mweusi wa mbuga, na matofali mabichi hayakauki.

Mratibu anayeijua kazi yake huanzia hapa, kabla hata ya jembe la kwanza kugusa ardhi. Huchukua tarehe ya mwisho na kurudi nyuma. Tuseme ghala linatakiwa lipokee mpunga Juni mosi ya mwaka ujao. Ili mvua zisiharibu kazi, paa lazima liwe juu kabla Novemba haijaisha. Ili kupaua Novemba, lenta lazima iwe imemwagwa Oktoba, maana zege linahitaji kumwagiliwa maji siku saba angalau, na nguvu yake kamili huhesabiwa kwa siku 28. Kuta basi ni Agosti na Septemba, msingi ni Julai. Michoro na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri vinatakiwa viwe mkononi kabla ya hapo, yaani vishughulikiwe Aprili na Mei, wakati wengine bado wanawaza kuvuna. Sakafu ya ndani, milango, rangi na nyaya za umeme vinaweza kufanyika mvua ikinyesha, kwa kuwa vipo chini ya paa. Mwenye mashine ya kukoboa ana jambo jingine: ombi la umeme wa njia tatu TANESCO lisisubiri jengo limalizike, kwani mashine iliyofungwa bila umeme haikoboi kitu.

Kalenda ya kazi ikishakuwepo, kalenda ya fedha hufuata yenyewe. Msingi unahitaji saruji, kokoto, mchanga na nondo kidogo. Kuta zinahitaji matofali, ambayo katika maeneo haya huchomwa na kwa pumba za mpunga, hivyo gharama yake kubwa ni vibarua. Kishindo kikubwa cha fedha kinakuja Oktoba na Novemba, mbao na mabati yanaponunuliwa. Maana yake ni kwamba mwenye mradi halazimiki kuuza magunia yote Juni.

Kwa bei za mfano tu, mtu mwenye magunia 600 ambaye gunia ni Sh 60,000 wakati wa mavuno na Sh 80,000 ifikapo Oktoba, akiweza kubakiza magunia 300 hadi wakati wa kununua paa, ameongeza Sh milioni 6. Atatoa humo kodi ya stoo ya kuhifadhia, maana ghala lake bado ni msingi, na atabeba hatari ya bei kutopanda mwaka huo. Hata hivyo kiasi kinachobaki, bei ikienda kama ilivyozoeleka, kinaweza kumlipa mratibu. Hesabu hiyo haifanywi na fundi, na si kazi yake kuifanya.

Kufunga mapato ya soko na malipo ya ujenzi si jambo geni katika ukanda huu. Reli ya TAZARA, inayokatiza Usangu, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka China wa yuani milioni 988, urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Mitambo na wataalamu walitoka China. Lakini mishahara ya vibarua na gharama nyingine za ndani zilihitaji shilingi na kwacha, si yuani. Njia iliyotumika ilikuwa kuingiza bidhaa za Kichina na kuziuza madukani Tanzania na Zambia, kisha mapato yake kulipia gharama hizo. Kwa maneno mengine, kasi ya kuuza nguo na vyombo madukani iliungana na kasi ya kulipa watu kambini. Mradi ule ulimalizika kabla ya muda uliopangwa. Mengi husimuliwa kuhusu mahandaki na madaraja ya kutoka Mlimba kupanda Makambako, machache kuhusu makarani waliohakikisha fedha na mali vinakutana mahali pamoja siku moja. Bila ya hao, vibarua wa mahandaki hayo wasingelipwa.

Kazi ya kila siku

Mradi ukianza, mratibu haonekani akishika mwiko. Mwenye mali anayepita na kumkuta na daftari na simu hushawishika kusema kwamba hafanyi kitu. Lakini tazama vifaa vinakotoka. Saruji ya karibu zaidi ni ya Songwe, upande wa pili wa mji wa Mbeya, zaidi ya kilomita 100. Mbao hutoka Mafinga, kwenye shamba la miti la Sao Hill. Nondo na mabati mengi hupanda kutoka Dar es Salaam, safari ya takriban kilomita 700. Mchanga na kokoto hupatikana jirani, ila wenye malori hufuata anayelipa haraka, na wakati wa mavuno anayelipa haraka ni mwenye mpunga. Mjenzi asiyeagiza tripu zake mapema Juni na Julai hujikuta akishindania lori na gunia.

Saruji nayo haipendi kuwahi sana. Mfuko uliokaa miezi stoo, hasa mahali penye unyevu, hupoteza nguvu na kuanza kuganda. Hivyo kuagiza mifuko 300 kwa mkupuo kwa sababu bei imeshuka kunaweza kuwa hasara, kama ukuta hautaanza hadi miezi mitatu baadaye.

Kazi zinazogongana ni eneo jingine linalokula fedha kimya kimya. Mabomba ya nyaya yanapita ukutani kabla ya plasta. Bomba la maji machafu linapita chini kabla ya jamvi. Fremu za milango zinapimwa kabla ya sakafu ya mwisho, na anayezipima anatakiwa aambiwe sakafu hiyo itapanda kiasi gani. Fundi umeme akichelewa siku mbili na mpiga plasta asiambiwe, ukuta mpya utavunjwa, utazibwa, na kila upande utadai ujira. Hakuna mwenye kosa hapo isipokuwa yule ambaye hakuwekwa.

Wahandisi wana mbinu ya kuchuja kazi zipi zikichelewa zinachelewesha jengo zima, na zipi zinaweza kusubiri bila madhara. Ilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 na wataalamu wa kampuni ya DuPont na Remington Rand, waliokuwa wakitafuta namna ya kupanga ujenzi na matengenezo ya viwanda vya kemikali. Kwa ghala la Rujewa haihitaji kompyuta. Karatasi moja inatosha: msingi, kuta, lenta, kenchi, mabati ni mnyororo mmoja, na siku moja ikipotea kwenye mnyororo huo imepotea kwenye jengo. Choo cha nje, uzio na rangi haviko kwenye mnyororo. Mratibu mzuri hujulikana kwa kutowapeleka mafundi kwenye uzio wakati kenchi hazijafungwa.

Gharama ya siku ya kukaa bure inaweza kukadiriwa. Mafundi wanne wakilipwa Sh 25,000 kila mmoja, saidia fundi wanane Sh 12,000, na mashine ya kuchanganyia zege imekodiwa kwa Sh 80,000, siku moja ya kusubiri kokoto ni Sh 276,000. Siku tatu ni Sh 828,000. Viwango hivi ni vya mfano, kila mtu aweke vyake. Wapo watakaosema kwamba wao huwalipa mafundi kwa kazi, si kwa siku, hivyo kusubiri hakuwagusi. Kunawagusa. Fundi wa kulipwa kwa kazi akikosa kokoto siku tatu hupokea kazi nyingine Ubaruku au Igawa, na kumrudisha huchukua wiki mbili.

Cheo kisicho na bodi

Sheria za Tanzania zinawatambua na kuwasajili wahusika kadhaa katika ujenzi. Mkandarasi, yaani anayechukua kazi ya kujenga kwa mkataba, husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi chini ya Sheria Na. 17 ya 1997, kwa madaraja kuanzia la kwanza hadi la saba, na kila daraja isipokuwa la kwanza lina ukomo wa thamani ya kazi. Mhandisi ana Bodi ya Usajili wa Wahandisi, Sheria Na. 15 ya mwaka huohuo. Mbunifu majengo, pamoja na mkadiriaji majenzi, ambaye hupima kazi na kuipa thamani ya fedha, wana bodi yao inayoongozwa na sheria ya 2010.

Mratibu hana bodi. Yeyote anaweza kuchapisha kadi yenye cheo hicho asubuhi na kuigawa mchana. Kwa hiyo swali la kumuuliza si kama yeye ni mratibu, bali ni nani kabla ya kuwa mratibu. Akisema mhandisi, atoe namba ya usajili, na bodi ithibitishe. Akisema ni fundi mchundo wa miaka 15, hilo nalo ni jibu la heshima, ila asiguse mchoro wa nondo. Uratibu haumpi mtu haki ya kubadili unene wa nguzo.

Hatari ya upande wa pili haisemwi sana. Mratibu anayepokea fedha zote kwa mkupuo na kuahidi kukabidhi jengo lililokamilika amekwisha vuka mpaka. Amegeuka mkandarasi, na suala la usajili linamhusu. Mwenye mradi aliyeingia naye makubaliano ya namna hiyo hana bodi ya kumlalamikia mambo yakiharibika, na mara nyingi hana mkataba ulioandikwa pia.

Vile vile asichanganywe na msimamizi wa mafundi, ambaye huangalia kama kamba imenyooka na zege limeshindiliwa. Msimamizi anatazama kazi ya leo. Mratibu anatazama ya wiki ijayo, na kama ya leo imeharibika anatakiwa ajue kabla ya jua kuzama. Katika mradi mdogo mtu mmoja anaweza kubeba vyote viwili. Asibebe cha tatu, ambacho ni kununua, kwa sababu zinazofuata.

Mali kauli

Kwa wenye maduka ya vifaa, suala la mratibu lina uzito mwingine kabisa. Sehemu kubwa ya biashara hiyo huenda kwa mali kauli. Fundi anakuja asubuhi, anachukua mifuko 20 ya saruji na waya wa kufungia nondo, anasema tajiri atalipa Jumamosi. Jumamosi tajiri anafika na kusema alimtuma mifuko 12. Nani anadaiwa minane?

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu inayohusu wakala. Kwa ufupi, mwenye mali hufungwa na alichofanya wakala wake ndani ya mamlaka aliyompa. Hata pale wakala alipozidisha, mwenye mali anaweza kufungwa iwapo kwa maneno au mwenendo wake mwenyewe alimfanya mwenye duka aamini kwamba mamlaka yapo. Tajiri aliyelipa bila kuhoji ankara tatu zilizosainiwa na fundi yuleyule atapata taabu kuikana ya nne. Kwa upande mwingine, mwenye duka aliyepewa barua inayosema kikomo ni mifuko 12 kwa siku, kisha akatoa 20, hana wa kumlaumu.

Hivyo mwenye duka asiridhike na kujua sura. Adai barua fupi ya mwenye mradi inayotaja jina la anayeruhusiwa kuchukua mali, sahihi yake, kiasi cha juu kwa mara moja na kwa wiki, na tarehe ya mwisho ya ruhusa hiyo. Karatasi hiyo haigharimu kitu, na kwa duka linalodai wajenzi kumi kwa wakati mmoja ndiyo tofauti kati ya kuwa na mtaji na kuwa na daftari la madeni.

Kwa mwenye mradi, karatasi ni tatu: oda, hati ya kupokelea mali na ankara. Kanuni yenye faida kuliko zote ni kwamba anayesaini oda asisaini mapokezi. Miradi ya umma inayojengwa kwa fosi akaunti, yaani kwa kutumia mafundi wa eneo husika badala ya mkandarasi, huwa na kamati ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi, kila moja na watu wake. Wananchi hulalamika kwamba kamati zinachelewesha. Zinachelewesha kweli. Lakini mfanyabiashara binafsi anayemwachia mtu mmoja kuagiza, kupokea na kulipa, amemkabidhi ufunguo wa sanduku na kumgeuzia mgongo.

Mapokezi yenyewe ni ujuzi. Nondo ya milimita 10 na ya milimita 12 zikiwa juu ya lori zinafanana kwa mtu asiyezoea, ila kwenye nguzo hazifanani. Mabati hupimwa kwa geji, na geji huenda kinyume na mazoea: 30 ni jembamba kuliko 28. Wapo walioagiza 28, wakapokea 30, wakafurahi wakidhani wamependelewa. Tripu ya mchanga haina uzito rasmi, kwa hiyo bodi la lori lipimwe kwa futi siku ya kwanza na kuandikwa daftarini pamoja na namba ya gari. Matofali yahesabiwe yakishuka, si yakishapangwa, kwa kuwa lundo lina tumbo.

Soko kubwa na foleni yake

Anayepanga vifaa vyake Rujewa hapangi peke yake. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa zilizotolewa kukabili athari za UVIKO-19, serikali ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima, kila kimoja kwa Sh milioni 20, ndani ya miezi michache. Walimu wakuu, watendaji na wajumbe wa kamati waligeuka waratibu wa ujenzi bila kuandaliwa sana. Kila halmashauri ilitafuta saruji, nondo na mabati kwa wakati mmoja, bei zikapanda, na malalamiko yakafika hadi ngazi za juu za serikali. Mwenye ghala binafsi aliyekuwa amekwisha lipia mabati yake kabla ya wimbi hilo alipona. Aliyekuwa akinunua kila wiki alichokihitaji wiki hiyo alilipa bei ya foleni.

Mratibu hana uwezo wa kuzuia jambo kama hilo. Anachoweza ni kusikia mapema. Bajeti za halmashauri husomwa, matangazo ya zabuni hutolewa, na tangu 2023 manunuzi ya umma yamehamia katika mfumo wa kielektroniki wa NeST, ambamo mwenye duka aliyejisajili huona kinachotafutwa. Mfanyabiashara wa vifaa ambaye hajajisajili humo anaikosa biashara yenyewe na anazikosa habari, na pengine habari ndizo zenye thamani kubwa zaidi kwa mtu anayepanga bei.

Alipwe nini, na vipi

Wenye mradi wengi huchagua kumlipa mratibu asilimia fulani ya manunuzi, kwa hoja kwamba hawatoi fedha mfukoni mapema. Ni chaguo baya. Linampa sababu ya kutaka vifaa viwe ghali na vingi, na linaufanya ule mchezo wa cha juu, ambapo duka huongeza bei na kugawana na mnunuzi, uonekane kama sehemu ya mshahara. Kiwango cha mwezi kilichokubaliwa, au malipo kwa hatua za jengo, msingi, lenta, paa na makabidhiano, humweka upande wa mwenye mali. Sehemu ya malipo ikifungwa na tarehe ya paa, mratibu ataitazama tarehe hiyo kama jambo lake mwenyewe.

Si kila jengo linamhitaji. Anayejenga vyumba viwili karibu na anapoishi, kwa fundi mmoja anayemfahamu, anaweza kuratibu mwenyewe jioni baada ya kufunga duka. Mahitaji huanza pale mafundi wa fani tatu au zaidi wanapokutana kwenye kuta zilezile, au mwenye mali anapoishi Mbeya, Dar es Salaam au nje ya nchi na kutegemea picha za simu. Picha hizo zina kasoro inayojulikana: ukuta mmoja ukipigwa pande mbili huonekana kuta mbili. Mratibu aliye mbali na mwenye mali atume picha ikiwa na tarehe, na pamoja nayo hesabu ya mifuko iliyotumika na iliyobaki. Hesabu hiyo ikigoma kulingana na urefu wa ukuta, kuna la kuuliza.

Lakini kinachoshinda waratibu wengi ni mwenye mali mwenyewe. Kuta zikifika usawa wa madirisha huja na wazo la kuongeza ofisi, au kusogeza mlango wa lori upande wa barabara. Wazo linaweza kuwa zuri. Mratibu asiyeweza kusema hapana anaitikia ndiyo, fundi anabomoa, na baada ya miezi miwili watu watatu wanabishana nani alisema nini. Dawa yake ni ukurasa mmoja kwa kila badiliko: litagharimu kiasi gani, litaongeza siku ngapi, na sahihi ya mwenye mali kabla tofali halijaguswa. Wengi wakiona siku zilizoandikwa pale, hasa zikivuka Novemba, huacha mlango ulipo.

Jengo likikabidhiwa, kazi ya mratibu haijaisha papo hapo. Kama kuna mkandarasi, sehemu ya malipo yake kwa kawaida hubakizwa hadi kipindi cha matazamio kiishe, ili nyufa na uvujaji vinavyojitokeza mvua za kwanza vitengenezwe kwa gharama yake. Kwa ghala lililopauliwa Novemba, Januari na Februari ndiyo miezi ya kupanda juu, kutazama misumari na kuandika. Mratibu akabidhi pia michoro, hati za dhamana, namba za mita na orodha ya madeni yaliyobaki kwenye kila duka. Siku hiyohiyo mwenye mradi azunguke kwenye maduka yale yale na barua ya pili, inayosema kwamba ruhusa ya kuchukua mali kwa jina lake imekoma, na kila mwenye duka asaini nakala kwamba ameipokea.